Samosa Yako Ni ya Ng'ombe ama ya Punda? Hivi Ndivyo Kipimo cha Mkononi Kinavyotoa Jibu

Umetoka job, uko stage, njaa imekubamba. Msee wa samosa anakufungia mbili za nyama kwa gazeti, unaongeza pilipili, unadishi ukingoja mathree. Sasa jiulize: hiyo nyama ilikuwa ya mnyama gani? Wewe hujui. Na manze, hata muuzaji anaweza kuwa hajui, juu yeye alinunua ikiwa tayari imesagwa.

Nyama ikishasagwa, macho hayasaidii. Ukitia kitunguu na dania, pua pia inashindwa. Stori za punda kuchinjwa usiku na kuuzwa kama ng'ombe si mpya hapa Kenya. Na usidhani ni mambo ya mtaani pekee. Januari 2013, wakaguzi wa chakula wa Ireland walitangaza matokeo ya kupima baga 27 za ng'ombe kutoka maduka makubwa. 10 zilikuwa na DNA ya farasi, na 23 zilikuwa na DNA ya nguruwe. Hiyo ni Ulaya, kwa pakiti safi yenye lebo.

Kwa Muislamu, kulishwa nguruwe bila kujua si jambo la kucheka. Na kwa kila mtu, kulipia ng'ombe na kupewa kitu kingine ni wizi.

Kipimo chenyewe

Unakumbuka kile kipimo cha mimba cha mistari miwili? Cha nyama ni ndugu yake. Mkaguzi anachukua kipande kidogo, anakiponda, anakitia kwa chupa yenye maji maalum, anatikisa, kisha anachovya kijikaratasi. Kwa hicho kijikaratasi kuna chembe ndogo za rangi zilizobeba kingamwili, yaani vitu vinavyonasa protini ya mnyama mmoja tu. Tuseme kimetengenezwa kunasa nguruwe. Protini ya nguruwe ikipita, inanaswa na mstari unatokea. Mstari wa pili hutokea kila mara, kuonyesha kipimo kinafanya kazi. Huo usipotokea, tupa, anza upya. Jibu linapatikana kwa kama nusu saa, hapo hapo buchari, bila umeme.

Kuna njia ya pili, ya DNA. Hii inahitaji kifaa kidogo cha kubeba kinachopasha sampuli moto wa kama nyuzi 65 na kuzalisha nakala nyingi za DNA mpaka zionekane. Inachukua kama saa moja, na inafaa zaidi kwa nyama iliyopikwa, juu moto huharibu protini nyingi haraka kuliko DNA.

Lakini usichanganyikiwe

Kwanza, kijikaratasi cha nguruwe hakioni punda. Kinajibu swali moja tu ulilokiuliza.

Pili, kinaona hata kidogo sana. Kama kisu kilikata nguruwe asubuhi na hakikuoshwa vizuri, mstari unaweza kutokea kwa nyama ya ng'ombe. Ndio maana jibu la buchari linafaa kuthibitishwa kwa maabara kabla mtu afungiwe biashara. Usikimbilie kupiga mtu kwa sababu ya mstari.

Tatu, na hii ndio wengi hawaijui: kipimo kitakuambia ni ng'ombe, lakini hakitakuambia huyo ng'ombe alikufaje. Kibudu aliyeokotwa kwa mtaro atapita kipimo cha ng'ombe bila shida. Dawa pia hakizioni. Mnakumbuka 2019, runinga ilipofichua nyama inayotiwa dawa ya salfaiti ndio ikae nyekundu kwa maduka? Hapo shida haikuwa aina ya mnyama, ilikuwa dawa. Salfaiti inaweza kumbana kifua mtu wa pumu, na ina kijikaratasi chake tofauti kinachobadilika rangi.

Sasa wewe ufanye nini?

Kinachoangalia afya ya mnyama ni macho ya mkaguzi pale kichinjioni, na alama yake ni ule muhuri wa wino kwa nyama. Kwa hivyo ukienda buchari, cheki muhuri kwa ile nyama imening'inia. Usiuone? Uliza. Bucha mwenye rada safi hatakasirika. Ukitaka ya kusaga, chagua kipande na uone kikisagwa mbele yako. Bei ikiwa chini sana kuliko mtaa mzima, jua kuna kitu. Na ukishuku, ripoti kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti yako, ukihifadhi kipande kwa friji ndio kiweze kupimwa.

Vipimo hivi vipo. Vikitumika sokoni mara kwa mara, bila kumwambia mtu, wale wa kuuza punda usiku watafikiria mara mbili. Muhuri kutoka kichinjioni, kipimo sokoni: tunahitaji vyote viwili. Kwa sasa, hiyo samosa ya leo jioni... labda chukua ya ndengu.