Je, Wajua? Utamu wa Soda Isiyo na Sukari Una Njia Mbili za Kutengenezwa

Soda nyingi zisizo na sukari hutiwa aspatemu, ambayo utamu wake ni kama mara 200 ya ule wa sukari. Aspatemu ni peptidi, yaani mnyororo wa asidi amino, yenye asidi mbili tu: asidi aspatiki na fenilalanini iliyoongezewa kikundi cha methili. Iligunduliwa mwaka 1965 na mkemia James Schlatter wa kampuni ya Searle, Marekani. Alikuwa akitafuta dawa ya vidonda vya tumbo. Akalamba kidole ili aokote karatasi, akaonja utamu.

Kuunganisha asidi mbili si kazi nyepesi. Asidi aspatiki ina mikono miwili inayoweza kuishika fenilalanini. Ikitumia mmoja, hupatikana utamu. Ikitumia wa pili, uchungu. Njia ya kwanza hutumia kemikali, nazo hazichagui. Basi mkemia huuziba mkono usiotakiwa, kisha huuzibua baadaye, au huacha vyote viwili vitokee halafu akatenga kichungu.

Njia ya pili hutumia themolisini, kimeng'enya cha bakteria wapendao joto. Chenyewe hulenga mkono unaofaa, hivyo mkono wa pili hauhitaji kuzibwa. Tena fenilalanini ya bei nafuu huja na maumbo mawili, la kulia na la kushoto. Themolisini huchukua lile la kushoto tu.

Ajabu ni kwamba kazi ya asili ya themolisini ni kukata protini, si kuunga. Huunga kwa sababu zao lake hushikamana na lile umbo la kulia lililosalia, na vyote vikaganda na kuzama. Kilichozama hakikatwi tena, kwa hiyo uungaji huendelea. Kiwanda cha Geleen, Uholanzi, kilitumia njia hii hadi ushindani wa bei ulipokifunga mwaka 2006.

Lakini uchaguzi huohuo wa themolisini ni kikwazo kwa minyororo mirefu. Enfuvirtaidi, dawa ya VVU, ina asidi amino 36, na themolisini haikubali kila jozi. Hapo kemia hutamba. Mwaka 1963 Bruce Merrifield alionyesha namna ya kuutia mnyororo nanga kwenye punje za plastiki: unaongeza asidi moja, unaosha mabaki, unaongeza nyingine. Mzunguko ni uleule kwa asidi yoyote. Ugunduzi huo ulimpa Tuzo ya Nobel mwaka 1984.

Gharama ya njia ya Merrifield ni vimiminika vingi vya kuoshea, pamoja na makosa yanayolimbikizana. Kila kiungo kikifaulu kwa asilimia 99, baada ya viungo 35 minyororo kamili ni asilimia 70 tu. Ndiyo maana enfuvirtaidi ilitengenezwa kwa vipande vitatu kwanza, ndipo vikaunganishwa. Kimeng'enya hufaa peptidi fupi inayotakiwa kwa tani. Mnyororo mrefu wenye asidi za kila aina bado ni kazi ya mkemia.