Hesabu zimo kwenye shimo la mdako

Watoto wengi wa miaka minne huimba namba kutoka moja hadi ishirini bila kukosea, na sisi wazazi tunawaimbisha mbele ya wageni. Lakini mwambie mtoto huyohuyo akuletee vijiko sita. Atakuletea alivyozoa. Majina ya namba anayo, idadi bado haijamkaa. Daftari la kuandika 1, 2, 3 kila jioni halimsaidii hapo. Mchezo unamsaidia, na michezo yenyewe tunayo.

Chukua mdako. Unachimba kishimo, unatia kokoto 12, unarusha moja ya pembeni, na kabla haijatua umezoa zilizomo na kuidaka. Ukirusha tena unazirudisha shimoni, moja inabaki nje. Zikiisha moja moja mnakwenda mbili mbili, tatu tatu, nne nne. Aliye mdogo hawezi kudaka bado. Mwache atoe tu bila kurusha. Mikono yake itamwonyesha kwamba 12 hutoka kwa mara sita, mara nne, mara tatu. Kwenye tano tano, mbili zinabaki shimoni. Usikimbilie kueleza. Muulize, “Hizi tuzifanyeje?” Akisema tuongeze tatu, ameshagawanya, ameona baki na amejua kilichopungua, wala hajashika penseli.

Bao nalo. La Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na kanuni zake za kunamua, yaani kuingiza kete za akiba ubaoni, zinawatoa jasho watu wazima. Mtoto aanze na bao la kujifunza, kila shimo kete mbili. Kabla hajazoa kete za shimo na kuzigawa moja moja, mwulize kete ya mwisho itaangukia wapi. Mwanzoni atagusa shimo kwa shimo. Baadaye atafuata kwa macho. Siku moja atataja tu shimo lenyewe, na hapo kujumlisha kumeshaingia kichwani. Kama hamna bao, trei la mayai lina nafasi 30: kata mstari mmoja wa sita, mna mistari minne, na maharage yatakuwa kete.

Shule za Tanzania zilipofungwa kwa sababu ya korona, Machi 2020 hadi mwishoni mwa Juni, nyumba nyingi ziligeuza sebule darasa, ubao na ratiba ukutani. Naelewa hofu ile ya watoto kubaki nyuma. Lakini mtoto mdogo alikuwa akiitwa aache kuhesabu kokoto uani, aje ndani ajifunze kuhesabu!

Sharti ni moja: mzazi acheze kweli. Mtoto akihisi mchezo ni mtihani, ataukimbia. Ndiyo maana mara nyingi babu anayependa bao humfundisha vizuri kuliko sisi tunaotazama saa. Acheni mchezo yeye akiwa bado anautaka. Penseli ije mnapobishana nani kashinda mara ngapi jana. Hapo namba iliyoandikwa itakuwa na kazi, na ataomba mwenyewe kuonyeshwa inavyoandikwa.