Ritifaa, Vidoko na Mipaka ya Neno: Uchambuzi wa Matini za Singida kwa Kompyuta

Mwanafunzi wa isimu aanzapo kuchambua matini kwa kompyuta, kazi yake ya kwanza ni kuyatenga maneno ili ayahesabu. Wengi hutumia lugha ya Python, na kanuni wanayoijua mwanzo ni \w+, yaani: chukua kila mfululizo wa herufi, tarakimu au kistari cha chini, alama nyingine yoyote ni mpaka.

Na itazamwe sentensi hii: Ng'ombe wa Singida hung'oa nyasi. Msomaji huona maneno 5, bali mashine hutoa 7: Ng, ombe, wa, Singida, hung, oa, nyasi. Hasara yake si ya hesabu tu. Kipande hung chajulikana upesi kuwa si neno, lakini oa ni kitenzi halali. Kitaingizwa pamoja na oa ya ndoa, na mtunga kamusi ategemeaye orodha hiyo atapotoka bila kujua. Ritifaa ya ng' si kituo. Ni sehemu ya tahajia ya sauti moja.

Wengine huandika [\w']+. Dawa hiyo haitoshi, kwa kuwa programu za kuandikia hugeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda, na kwa mashine hizo ni alama mbili mbalimbali. Tena alama hiyo hiyo hufungia dondoo. Iliyo salama zaidi ni \w+(?:['’]\w+)*, ambayo huikubali ritifaa ya namna zote mbili pale tu ilipo katikati ya neno.

Lugha nyingine za Mkoa wa Singida huongeza ugumu. Kinyaturu kina irabu 7, na wataalamu wakiandika ɨ na ʉ, kanuni [a-z] huziacha nje. Python 3, iliyotolewa mwaka 2008, huzitambua kwa \w. Hata hivyo alama ya toni juu ya ɨ huhesabiwa peke yake, nayo hulikata neno. Kihadza, kisemwacho pande za Mkalama karibu na Ziwa Eyasi, kina vidoko. Alama ǃ ya kidoko ni herufi. Alama ya mshangao! siyo, ingawa machoni zafanana.

Kwa hiyo mwanafunzi aombaye msaada asiseme tu kwamba programu imekataa. Yampasa kutoa mstari mmoja wa matini, kanuni aliyoitumia, matokeo aliyoyapata, na matokeo aliyoyatazamia. Mstari huo aunakili kutoka katika faili yenyewe, asiupige chapa upya wala asilete picha yake, maana alama iliyoleta kosa huenda ikapotea njiani.

Mashine haijui neno ni nini. Hufuata mipaka iliyowekewa, na kuiweka mipaka hiyo ni kazi ya mwanaisimu.