Ukumbi Usioingia Kwenye Kanda: Kumbukumbu za Mlimani Park na Muziki wa Dansi wa Dar es Salaam

Ikisiri

Nyimbo nyingi za muziki wa dansi wa Dar es Salaam zimesalia katika kanda zilizorekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD). Makala hii inaeleza kwamba kanda hizo zimehifadhi wimbo bila ukumbi, ilhali ukumbi ndio uliokuwa ukiamua urefu wa wimbo, mwendo wake na mara nyingine maana yake. Kwa kutumia mfano wa baa ya Mlimani Park na bendi iliyozaliwa humo mwaka 1978, makala inabainisha mambo yaliyobaki katika kumbukumbu za watu tu, sababu za kumbukumbu hizo kutolingana, na hatua ambazo taasisi za utamaduni na za Kiswahili katika ukanda wetu zinaweza kuchukua wakati mashahidi bado wapo.

Utangulizi

Sisi tuliokulia Buyenzi, mtaa wa Waswahili jijini Bujumbura, tuliijua Mlimani Park kabla hatujajua kwamba Mlimani ni mahali. Kwetu lilikuwa jina lililotamkwa na mtangazaji usiku, redio ikivuma na kufifia, kisha likafuata gitaa. Nilipofika Dar es Salaam nikiwa mwanafunzi, mwanzoni mwa miaka ya 1990, mwenyeji wangu alinipeleka ukumbi wa DDC Kariakoo kuisikiliza bendi hiyo. Wimbo wa kwanza nilioutambua niliujua kwa moyo, lakini ulipofika katikati nilipotea. Nilitazamia uishe, nao haukuisha. Waimbaji walirudi nyuma, magitaa yakaanza kujibizana, mtu mmoja akapanda jukwaani na noti mkononi akambandika mwimbaji kwenye paji la uso, na watu waliokuwa wamekaa wakasimama karibu wote kwa pamoja. Wenzangu mezani hawakushangaa. Walikuwa wakiusubiri mgeuko huo tangu mwanzo wa wimbo.

Tofauti hiyo, kati ya kile nilichokijua mimi na kile walichokijua wao, ndiyo inayojadiliwa hapa. Muziki wa dansi haujakosa watafiti. Ranger (1975) alifuatilia ngoma za beni zilizoutangulia. Graebner (1989) alizichambua nyimbo za Remmy Ongala. Askew (2002) na Perullo (2011) walieleza uhusiano wa muziki na dola na uchumi. Callaci (2017) aliyasoma maisha ya jiji kupitia maandishi ya wakazi wake. Naitegemea misingi waliyoiweka. Hata hivyo, tunapokaa na watunga sera, mazungumzo juu ya urithi wa dansi hugeuka haraka kuwa mazungumzo juu ya kanda: ziko ngapi, zina hali gani, nani azihamishie kwenye kompyuta. Ni maswali ya haki, ila yanaacha nje nusu ya jambo.

Baa, bendi na mwenye vyombo

Dansi la Dar es Salaam ni la zamani kuliko Mlimani Park. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, na ukumbi wa Arnautoglu pale Mnazi Mmoja ulikwisha kupokea wachezaji kabla ya uhuru. Kilichobadilika baada ya uhuru ni umiliki. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi kilianzisha NUTA Jazz, na mfano huo ukaigwa: Umoja wa Vijana ukawa na Vijana Jazz, Shirika la Bima likawa na Bima Lee, kiwanda cha nguo cha Urafiki, shirika la mabasi la UDA, Jeshi, Polisi na Magereza vikawa na bendi zao. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara, kama karani au dereva.

Mara nyingi mfumo huu huelezwa kwa itikadi pekee, yaani dola ilitaka kuusimamia utamaduni. Maelezo hayo si ya uongo, lakini nadhani yanapita kando ya sababu iliyo nyepesi zaidi. Magitaa ya umeme, amplifaya, spika, hata nyuzi za gitaa, vilitoka nje na vilihitaji fedha za kigeni. Kadiri fedha hizo zilivyoadimika, hasa baada ya Vita vya Kagera, ndivyo mwanamuziki asiye na shirika nyuma yake alivyozidi kushindwa kusimama peke yake. Ndiyo maana katika mazungumzo ya watu wa dansi neno vyombo lina uzito ambao mgeni huweza asiutambue. Kuuliza bendi ina vyombo gani ni kuuliza ina uhai kiasi gani, na mwenye vyombo ndiye aliyeamua nani apande jukwaani.

Mlimani Park ilikuwa baa kabla ya kuwa bendi. Jina lake linakumbusha kilima cha Chuo Kikuu, ambacho wakazi wa jiji hukiita Mlimani. Mwaka 1978 kampuni ya Tanzania Transport and Taxi Services iliunda bendi ya kupiga hapo, ikawachukua wanamuziki waliokuwa Dar International, miongoni mwao Muhidin Maalim Gurumo, Abel Balthazar na Michael Enoch, aliyekuwa mwalimu wa wengi. Dar International nayo ikaziba pengo kwa kumpata Marijani Rajabu. Mwaka 1983 bendi ya Mlimani Park ilichukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC, na herufi hizo tatu zikaungana na jina lake. Mwaka 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima aliwahamisha wanamuziki kadhaa wa bendi hiyo, akiwemo Gurumo, kwenda Orchestra Safari Sound.

Mwenye kukusanya kumbukumbu anapaswa kuzifahamu tarehe hizo, kwa kuwa wapenzi wa dansi hawahesabu miaka kwa kalenda. Watasema jambo fulani lilitokea kabla Gurumo hajahama, au wakati Marijani yuko Dar International. Mtafiti asiyejua nani alihama lini atadhani msimulizi anachanganya mambo, kumbe anayechanganya ni yeye.

Wimbo mmoja ndani ya usiku mmoja

Wimbo wa dansi wa enzi hizo kwa kawaida una sehemu mbili. Ya kwanza ni ya mwendo wa polepole, ndiyo yenye beti na kisa: ndoa iliyovunjika, mzazi aliyesahauliwa, rafiki aliyegeuka, mji uliomeza kijana. Ya pili huitwa chemko. Hapo mwendo hukazwa, maneno hupungua yakabaki ya kiitikio, magitaa ya solo na ridhimu hufumana, saksofoni na tarumbeta huingia kwa pamoja, na tumba hujitokeza mbele. Sehemu ya kwanza husikilizwa na watu waliokaa, au huchezwa taratibu na wawili wawili. Ya pili ni ya uwanja mzima.

Katika ukumbi hakuna aliyejua kabla chemko kitachukua muda gani. Kiongozi wa bendi aliutazama uwanja. Ikiwa watu wamechoka au wamerudi kwenye meza zao, kilifupishwa. Ikiwa kuna kundi limekolea, kiliendelea, na katika kuendelea huko ndimo vilimozaliwa vipande vipya vya gitaa ambavyo wiki zilizofuata viligeuka kuwa sehemu ya kudumu ya wimbo. Kutunza nako kulikuwa na kazi yake. Mtu aliyempelekea mwimbaji fedha alikuwa anamheshimu, ndiyo, ila pia alikuwa anauambia ukumbi kwamba ubeti huu umenigusa mimi. Mara nyingine alikuwa anamwambia mtu mmoja tu, aliyekaa meza ya pili, na watu wa meza zilizo jirani walielewa.

Kwa wanaisimu, hapa ndipo penye utajiri. Mafumbo ya nyimbo hizi yameandikiwa sana, lakini kwa kusoma maneno peke yake. Fumbo lile lile liliweza kuwa wosia wa jumla redioni na likawa kijembe chenye shabaha ukumbini, kutegemea nani yupo, nani ametunza na mwimbaji amegeukia upande gani. Anayeuchambua wimbo kama Neema, utungo maarufu wa Cosmas Chidumule, kwa kutumia nakala ya maneno pekee anafanya kazi halali, lakini ni sawa na kusoma barua bila kujua iliandikwa kwa nani.

Santuri ndiyo iliyoleta mkato ulio wazi zaidi. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri, hivyo nyingi zilitengenezwa Nairobi, na kwenye santuri ndogo wimbo mrefu uligawanywa upande wa kwanza na wa pili. Mara nyingi mgawanyo uliangukia pale pale chemko kinapoanza, yaani msikilizaji aliinuka kugeuza sahani wakati ambapo ukumbini angeinuka kucheza. Redioni hali haikuwa bora. Nakumbuka mtangazaji akiishusha sauti mara tu mwendo unapobadilika, ili kupisha taarifa ya habari. Kwa miaka mingi niliamini kwamba nyimbo hizo huishia hapo.

Majina ya mitindo nayo yanastahili neno. Kila bendi ilikuwa na mtindo wake: Sikinde wa Mlimani Park, Msondo wa NUTA na warithi wake JUWATA na OTTU, Kamanyola wa Maquis du Zaire, Pambamoto wa Vijana Jazz. Sikinde ni ngoma ya Wazaramo, na msondo ni ngoma ndefu ya unyago, kabla ya yote mawili kuwa majina ya mitindo ya magitaa. Kamanyola lilikuja na Wakongo waliohamia Dar es Salaam katika miaka ya 1970. Kwa njia hiyo maneno ya pwani na ya Kongo yalisambaa katika Kiswahili cha ukanda mzima bila kamati yoyote ya istilahi kuyapendekeza.

Kumbukumbu zisizolingana

Anayewauliza wazee wa Dar es Salaam leo atapata hadithi nyingi, na nyingi zitakuwa za wanaume. Wataeleza ushindani wa Sikinde na Msondo kwa namna ile ile wanavyoeleza Simba na Yanga, na wataukumbuka ukumbi kama mahali pa heshima: suti, viatu vilivyong'arishwa, kiingilio kilicholipwa kwa fahari. Mwanamke wa rika lao huweza kuukumbuka ukumbi huo huo kama mahali alipoingia kwa kusindikizwa, kwa kuwa aliyekwenda peke yake alipewa jina baya kabla hajafika nyumbani. Nyimbo nyingi zilimtaja mwanamke. Chache ziliimbwa naye, na sauti kama ya Kida Waziri katika Vijana Jazz inakumbukwa kwa sehemu kwa sababu ya uchache huo. Simulizi za wanawake zisipotafutwa kwa makusudi, tutapata kumbukumbu iliyojaa na iliyopinda.

Wapo pia wasioulizwa kabisa: wahudumu waliozunguka kati ya meza, mlinda mlango aliyejua nani ameingia na nani, mafundi waliofunga vyombo na kuvifungua, wauza chipsi na mishikaki wa nje walioujua usiku mzima kwa kuusikia ukutani. Hawa hawakuwa wakisikiliza kama mashabiki. Kwa sababu hiyo hiyo wanakumbuka mambo ambayo shabiki hakuyaona, kama vile saa ambayo bendi ilianza kwa kweli na siku ambazo ukumbi haukujaa.

Kutolingana huku si kasoro ya ushahidi. Wimbo uliofanya kazi kwa kutomtaja mlengwa lazima uache nyuma yake tafsiri zinazopingana, na mtafiti anayetaka kuzisawazisha atakuwa ameiondoa sifa yake kuu.

Kazi ya taasisi zetu

Hemed Maneti wa Vijana Jazz alifariki mwaka 1990, Marijani Rajabu 1995, Remmy Ongala 2010, Muhidin Gurumo 2014. Aliyekuwa na umri wa miaka ishirini na mitano mwaka 1978 amekwisha kuvuka sabini. Kanda, zikihifadhiwa vizuri, zinaweza kungoja. Watu hawa hawawezi.

Kanda zenyewe zimekwisha kuonyesha kwamba zinaweza kusafiri: mwaka 1994 kampuni ya Africassette ya Detroit, Marekani, ilitoa albamu ya bendi hii yenye jina la Sikinde. Na mwaka 2021 UNESCO iliiandikisha rumba ya Kongo, ndugu wa dansi, katika orodha ya urithi usioshikika, kwa maombi ya pamoja ya nchi mbili zinazopakana. Mkataba wa mwaka 2003 unaosimamia orodha hiyo huziuliza nchi kuhusu jamii zinazoubeba urithi na namna zinavyourithisha. Nchi yoyote ya ukanda wetu itakayotaka kupeleka maombi kwa ajili ya dansi ikiwa na makasha ya kanda peke yake itakuwa na jibu la nusu.

Napendekeza, basi, kwamba kila mradi wa kuhamishia kanda kwenye kompyuta utenge sehemu ya bajeti yake kwa mahojiano, na kwamba mahojiano hayo yafanyike mbele ya wimbo: msimulizi asikilizishwe kanda, asimamishe pale anapotaka, aseme ukumbini kilitokea nini hapo. Mahojiano yabaki kwa Kiswahili cha msimulizi, pamoja na istilahi zake za vyombo, chemko na kutunza, badala ya kuhifadhiwa kwa muhtasari wa lugha nyingine. Pia ramani ya kumbi itengenezwe kwa kuwatembeza mashahidi mahali penyewe, DDC Kariakoo, DDC Magomeni Kondoa, Amana, Vijana, Lang'ata, hata pale ambapo jengo limebadilishwa matumizi.

Kazi hiyo haiishii Dar es Salaam. Wasikilizaji wa ng'ambo nao ni mashahidi, wa aina nyingine: wanaweza kueleza ni sehemu gani ya wimbo iliyovuka mpaka. Kwa upande wa Burundi, orodha ya kwanza inaweza kuanzia Buyenzi, kwa wazee waliokesha na RTD, ambao ukiwaomba waimbe watakuimbia beti zote bila kukosea, kisha watanyamaza pale pale mtangazaji alipokuwa akishusha sauti.