Je, Wajua? Akina Mama wa Misheni Mbele ya Kamera

Je, wajua kanga nyekundu hutoka nyeusi katika picha za kale? Kabla ya filamu, picha ilinaswa kwenye kioo kilichopakwa dawa, na dawa ile haikuiona rangi nyekundu. Buluu nayo ilipauka. Mama unayedhani yumo msibani huenda siku hiyo alikuwa amewaka wekundu mtupu!

Je, wajua kwa nini hawacheki? Si ukali wa dini. Penye mwanga hafifu kioo kilitaka sekunde nzima au zaidi, na cheko halitulii. Mtazame mtoto aliyepakatwa: mama anaonekana hadi mshono wa gauni, mtoto hana uso, ukungu tu. Alitikisika.

Je, wajua picha nyingi hazikupigwa kwa ajili ya waliopigwa? Zilimulikwa ukutani kwa taa makanisani Ulaya, kisha kikapu cha sadaka kikapita. Ndiyo maana akina mama wamepangwa na sindano au vitabu mkononi.

Mbweni, Unguja, eneo ambalo misheni ya Kianglikana ililinunua mwaka 1871, walilelewa wasichana waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Mwalimu wao, Caroline Thackeray, aliyefika 1877, tunamjua kwa jina. Wanafunzi katika picha za misheni huitwa “mabinti wa misheni”, basi.

Je, wajua mama wa misheni aliwahi kumtikisa mfalme kwa kamera? Alice Seeley Harris alikuwa Baringa, Kongo, Mei 1904, alipofika baba mmoja, Nsala, na kifurushi cha majani. Ndani mlikuwa na mkono na mguu wa bintiye Boali, mtoto wa miaka kama mitano, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Alice akamketisha barazani, viungo vile mbele yake, akapiga. Nsala hatazami kamera, anatazama chini. Picha ile ilizungushwa Uingereza na Marekani, ikamwumbua Mfalme Leopold wa Ubelgiji, aliyeitawala Kongo. Alice alifariki 1970, akiwa na miaka 100.

Picha za wamisionari Wajerumani wa Leipzig, waliofika Kilimanjaro 1893, sasa zimo mtandaoni, katika hifadhi ya picha za misheni ya Chuo Kikuu cha Southern California. Ukimtafuta bibi yako wa Machame, jaribu pia kuandika Madschame, kwa tahajia ya Kijerumani.