Namba tasa iliyojificha kwenye saa ya simu, na asubuhi ya Januari 19, 2038

Chukua bao kama lile linalochezwa barazani Mji Mkongwe: safu nne, mashimo manane kila safu, jumla 32. Shimo moja liweke pembeni. Yale 31 yaliyobaki yape thamani: la kwanza 1, la pili 2, la tatu 4, la nne 8, yaani kila shimo ni mara mbili ya lililotangulia. Weka kete moja kila shimo, kisha jumlisha. Unapata 2,147,483,647.

Hiyo ni namba tasa: haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Aliyethibitisha ni Leonhard Euler, mzaliwa wa Uswisi, mwaka 1772 akiwa St. Petersburg, karibu kipofu kabisa. Kompyuta hakuna. Alipata njia ya kuchuja wagawaji hadi zikabaki hesabu zisizozidi 372.

Si kila idadi ya mashimo inatoa namba tasa. Mashimo 30 yanatoa namba inayogawanyika kwa 3. Mashimo 11 yanatoa 2,047, ambayo ni 23 mara 89. Rekodi iliyotangazwa Oktoba 2024, ya Luke Durant wa Marekani, inahitaji bao la mashimo 136,279,841! Namba yake ina tarakimu 41,024,320.

Sasa simu inaingiaje hapa? Vifaa vingi vya zamani huhifadhi namba kwenye mashimo hayohayo 32, mafundi wanayaita biti. 31 ni ya kuhesabia, na lile la pembeni linaonyesha kama namba ni chanya au hasi. Muda nao huhesabiwa kwa sekunde tangu Januari 1, 1970.

Sekunde ya 2,147,483,647 itafika Jumanne, Januari 19, 2038, saa 12:14 asubuhi kwa saa za Zanzibar. Bao limejaa. Ikiongezwa sekunde moja tu, kete zote 31 zinaondoka na moja inaangukia shimo la pembeni. Namba inageuka hasi, na kifaa kinaamini ni Desemba 1901, enzi za Sultani Hamoud bin Mohammed.

Utasa wenyewe hauna kosa. Hata namba ingegawanyika, bao lingejaa vilevile. Na kujaa kwenyewe kumeshaonekana: mwishoni mwa 2014 YouTube ilitangaza kwamba Gangnam Style ya Psy imetazamwa zaidi ya mara 2,147,483,647, na kihesabio kikaongezewa nafasi.

Simu mpya zinatumia biti 64, hizo hazina shida. Wasiwasi uko kwenye vitu visivyokumbukwa na mtu: kamera za ulinzi, ruta ya nyumba ya wageni, programu ya mahesabu iliyofungwa zamani na aliyeifunga hajulikani alipo. Wala si lazima kusubiri 2038. Mkopo wa miaka 15 uliochukuliwa 2024 unaisha 2039, kwa hiyo programu ya biti 32 ikiulizwa leo tarehe ya mwisho, inakosea leo.

Kwa anayenunua kifaa kilichotumika pale Darajani, swali la kumuuliza muuzaji ni jepesi: tarehe yake inakubali kuwekwa 2039?