Aniverseri ya watoto Butembo na Beni: mchezo uendelee, bunduki zibaki nje ya parseli

Mtoto anayetimiza miaka sita haombi mambo mengi: gato, fanta, wenzake wa masomo na mchezo wa kukimbia mpaka jasho litoke. Gato na fanta ni shauri la mfuko wa papa. Lakini mchezo, katika miji ya Butembo na Beni, ndio unaoleta mabishano kati ya wazazi siku hizi. Sababu yake ni kwamba watoto wengi wanaomba mchezo mmoja: kupigana na bunduki za mwangaza.

Wameuona kwenye telefone. Binamu aliye Bruxelles au Montréal anatuma video ya aniverseri yake: chumba chenye giza, taa za rangi, watoto kumi wamevaa vikoti visivyo na mikono, kila mmoja na bunduki ya plastiki mkononi. Kwa Kifaransa wanauita laser game. Bunduki hiyo haitoi risasi. Inatoa mwangaza wa infraruji ambao jicho halioni, ndugu ya ule unaotoka katika telekomandi ya televisheni. Kikoti kinaupokea, kinalia, na mashine inahesabu nani amempiga nani. Mchezo ulianzia Marekani, pale George Carter alipofungua sala yake ya Photon mjini Dallas mwaka 1984. Miaka miwili baadaye viwanda vikaanza kuuza vyombo vya kuchezea nyumbani. Leo Ulaya ni jambo la kawaida kwa mzazi kulipia saa moja ya mchezo huo na kuita watoto wa darasa nzima.

Hapa kwetu mzazi haulizi bei ya sala. Anakwenda sokoni, kati ya bidhaa zilizopita mpaka wa Kasindi, anakuta bastola za plastiki zenye taa nyekundu na sauti ya ta-ta-ta-ta. Ananunua nane au kumi. Siku ya posho watoto wanagawanywa makundi mawili, na kinachofuata kila mtu anakijua: kundi moja linasema ni FARDC, lingine linaambiwa kuwa adui, na hakuna anayekubali kuwa adui. Kabla ya gato kukatwa tayari kuna mmoja analia.

Kilio hicho kinaisha kwa bonboni moja. Kuna mambo mengine ambayo bonboni haiwezi kuyamaliza.

Tangu Oktoba 2014, wakaaji wa Beni na vijiji vyake wanaishi na mauaji yanayohesabiwa kuwa ya ADF. Mei 2021 Kivu Kaskazini ikawekwa chini ya etat de siege. Novemba mwaka huohuo askari wa Uganda wakaingia kusaidiana na FARDC katika operesheni Shujaa. Na siku ya Noeli ya 2021, katikati ya mji wa Beni, mtu alijilipua kwenye restorani iliyojaa watu waliokuwa wakifurahia sikukuu. Watoto walikuwamo kati ya waliokufa. Kwa hiyo ta-ta-ta-ta inayotoka nyuma ya ukuta wa jirani, hata ikiwa ya plastiki, haisikiki Beni kama inavyosikika Bruxelles. Mama mzee wa parseli ya pili hana njia ya kujua kama ni mchezo. Anasikia, anatafuta wajukuu, anafunga mlango.

Tena katika hao watoto kumi walioalikwa, ni nani aliyeuliza kila mmoja ametoka wapi? Jamaa nyingi za Beni na Butembo zimepokea ndugu waliokimbia Oicha, Mbau, Eringeti au Kamango. Tangu 2024 wamefika pia watu wa kusini mwa Lubero, waliokimbia vita vya M23. Mtoto wa namna hiyo anakuja kwenye sikukuu na nguo nzuri aliyoazimwa, ameshika zawadi yake ndogo. Mwenzake anamwelekezea bunduki kifuani na kusema umekufa, lala chini. Wengine watacheka. Yeye anaweza kwenda kujificha nyuma ya nyumba na kukataa kutoka. Mama mwenye sikukuu atasema mtoto huyu ana haya sana, na kumbe siyo haya.

Hatari nyingine ni ya mtu mwenye bunduki ya kweli anayekutana na bunduki ya mchezo. Huko Marekani walijifunza kwa uchungu. Mwaka 1987, katika jimbo la California, kijana wa miaka 19 aliyekuwa akicheza usiku mchezo huu wa mwangaza aliuawa na polisi aliyedhani silaha ni ya kweli. Mwaka uliofuata sheria ikaagiza bunduki za mchezo ziwe na alama ya rangi ya chungwa mdomoni. Haikutosha. Tarehe 22 Novemba 2014, mjini Cleveland, mtoto wa miaka 12, Tamir Rice, alipigwa risasi na polisi katika kiwanja cha kuchezea. Bastola yake ilikuwa ya mchezo, ila alama ile haikuwapo. Polisi alifyatua sekunde chache tu baada ya gari kufika, na mtoto akafa kesho yake. Hayo yalitokea katika mji usio na vita. Beni na Butembo barabara moja inapitiwa na polisi, askari jeshi na Wazalendo, na saa kumi na mbili na nusu za jioni giza limekwisha kuingia. Mtoto anayetoka parselini mbio akifuata mwenzake, bastola nyeusi mkononi, anamtegemea mtu asiyemjua apate nafasi ya kufikiri.

Je, mtoto akatazwe kabisa kucheza vita? Hapo inafaa kutofautisha. Mtoto hucheza kile anachokiona. Ukimnyima plastiki ataokota kijiti, ukimnyima kijiti atanyosha kidole. Wanaoshughulika na watoto wa mahali pa vita hawampigi mtoto kwa sababu hiyo, kwa kuwa mchezo ni njia yake ya kusema yale asiyoweza kuyasema kwa kinywa. Lakini kijiti alichookota mwenyewe si sawa na bunduki kumi ambazo wakubwa wamenunua, wamegawa, halafu wanampa zawadi aliyeua wengi. Hakuna mtu wa akili atakayesema bastola ya sokoni inamfanya mtoto kuwa Mai-Mai. Ila katika jimbo ambalo makundi ya silaha yamechukua watoto wengi porini, ambalo serikali ilipaswa kutia sahihi mpango na Umoja wa Mataifa mwaka 2012 ili watoto wasiandikwe tena jeshini, sikukuu ya mtoto wa miaka sita inaweza kukosa bunduki bila kupoteza chochote.

Na kweli haipotezi. Ukimuuliza mtoto kwa nini anapenda laser game, atataja giza, mwangaza, kujificha, kuwa katika timu na kuhesabiwa alama. Hayo yote yanapatikana kwa tochi nne.

Namna mojawapo ni hii. Chumba cha kupokelea wageni kinaondolewa meza na viti vya mbao, pazia zinafungwa ili kuwe na giza kidogo, siyo giza tupu, maana wa miaka minne na mitano wataogopa. Kwenye kuta na nyuma ya makabati mnabandika nyota za karatasi inayong'aa, ile ya kufungia biskwiti au sigara. Timu mbili, utepe mwekundu na utepe wa kijani. Wawili wa kila timu wanaingia na tochi na kutafuta. Nyota waliyoimulika wa kwanza ni alama yao. Dakika tano, halafu wengine. Mkubwa mmoja anasimama mlangoni na mwingine ndani. Kwa waliofika miaka minane au tisa, nyota inaweza kubandikwa mgongoni mwa mchezaji, na anayemulikwa hafi: anasimama kama sanamu mpaka mwenzake amguse. Neno kufa halihitajiki popote. Jambo moja tu la kushikilia kwa nguvu: tochi za kawaida, siyo vile vikalamu vya laser vyenye nukta nyekundu au ya kijani vinavyouzwa pamoja na vitu vya telefone. Vile vinaweza kuharibu jicho kabisa, na mtoto hawezi kujizuia kumulika uso.

Asiyetaka habari za giza anaweza kukumbuka kwamba tayari tuna desturi yetu ya kumpiga mwenye aniverseri: maji. Ndoo, vikombe, mabaluni yaliyojazwa maji, kila mtu na bahati yake. Beni, penye joto, watoto wanaweza kulowa na kukauka kabla ya kula. Butembo ni jambo lingine. Mji uko zaidi ya mita 1,700 juu, na mtoto aliyelowa saa tisa, mvua ikanyesha saa kumi, atarudi kwa mama yake akikohoa. Huko maji yafanywe mapema, jua likiwa kali, na kila mtoto aje na nguo ya pili.

Sikukuu yenyewe si ya zamani sana kwetu. Kwa Wanande jina la mtoto linaeleza nafasi yake katika jamaa: Kambale ni wa kiume wa pili, Kasereka wa tatu. Bibi na babu wengi walijua ni nani alimtangulia nani, na tarehe haikuwasumbua. Kuwasha mishumaa kulikuja pamoja na masomo, vyeti na picha. Kuna jamaa zisizofanya aniverseri kabisa, kama Mashahidi wa Yehova, na Waadventista hawatatuma mtoto siku ya posho. Ni heshima kuuliza mapema kabla ya mwaliko kupita mkononi mwa mtoto mbele ya wenzake.

Saa ndiyo jambo gumu. Kuanza saa nane mchana na kumaliza saa kumi na moja kunatosha kwa watoto wa umri huo. Baada ya saa tatu wanagombana tu. Kila mtoto ajulikane nani atamrudisha, na wasipakiwe wanne juu ya moto moja kwa sababu wanakaa karibu. Shefu wa avenyu na majirani waambiwe siku mbili mbele: kutakuwa na watoto, kutakuwa na muziki, hakutakuwa na petadi. Hata mabaluni ya hewa yanataka akili. Yakipasuka matano kwa mfululizo, mtaa mzima unasimama. Yafungwe juu, nje ya mikono, na yatobolewe polepole wageni wakiisha kwenda.

Halafu kuna ville morte. Katika miji hii miwili watu wamezoea kupanga kila kitu kwa kuongeza neno kama kutakuwa na usalama. Gato limeagizwa, mayai yamelipiwa, ndugu wa Beni wanajitayarisha kwa safari ya kilomita 54 hivi, na usiku tangazo linapita kwamba kesho hakuna kutoka. Mama anayetengeneza gato anajua hilo kuliko mtu yeyote. Ukiagana naye tangu mwanzo juu ya siku ya akiba, atapaka krimu asubuhi ya siku yenyewe na hasara itakuwa ndogo. Mandazi, karanga na maji ya marakuja havimtegemei mtu. Ndoo ya kunawia mikono ikae mlangoni, kama tulivyozoea wakati wa Ebola.

Wakati ule, kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, ugonjwa uliua watu 2,287, wengi wao katika Kivu Kaskazini, na watu waliogopa hata kupeana mikono. Lakini huko Beni, karibu na kituo cha matibabu, UNICEF na wenzake walifungua nyumba ya kulelea watoto ambao mama zao walikuwa wagonjwa. Waliowabeba ni watu waliopona Ebola, kwa sababu wao waliweza kuwagusa bila woga mkubwa. Waliwanywesha maziwa, waliwaimbia, walicheza nao. Kifungu cha 31 cha mkataba wa haki za mtoto, ambao Kongo ilikubali mwaka 1990, kinataja mchezo kuwa haki ya mtoto, na wale mama wa Beni waliitekeleza hata katikati ya Ebola.

Linabaki jambo la zawadi. Unaweza kupanga yote, halafu mjomba mpenzi akaingia saa tisa na kifurushi kirefu, mtoto akakipasua mbele ya wote: bunduki, yenye taa na sauti. Usimwaibishe mjomba. Mshukuru, piga picha, kisha mwambie mtoto vitu vyote vilivyofunguliwa vinawekwa chumbani mpaka wageni watoke, na gari na madaftari vifuate njia hiyohiyo ili asione ni kitu kimoja kilichoondolewa. Jioni toa pile. Bila pile haina sauti wala taa, na ikibaki juu ya kabati wiki mbili, mtoto wa miaka sita atakuwa amekwisha kuuliza habari za mpira.